Kazi ya Mwimbaji wa Opera

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Mwezi wa pili mwaka huu tulipewa karatasi tuandike kazi tatu ambazo kila mmoja wetu angependa kuzifanya baada ya masomo. Wengi waliandika udaktari, uhandisi na uhasibu. Mimi niliandika: mwuguzi, mwalimu, mwimbaji wa opera. Karatasi zilipokuwa zikipita kutoka dawati hadi dawati, darasa zima lilicheka, na rafiki yangu mmoja akauliza kama hiyo ya tatu ni kazi ya hospitali, maana alidhani nimelikata neno operesheni. Mwalimu wetu wa Fizikia hakucheka. Alisema tu kwamba mtu asiandike kazi asiyoweza kuieleza, kisha akaniagiza niieleze katika gazeti letu. Basi ndiyo sababu ya makala haya, nami nawaomba wasomaji wanivumilie.

Opera ni hadithi inayochezwa jukwaani mbele ya watu, kama michezo yetu ya siku ya mahafali, ila wachezaji hawasemi bali huimba. Mfalme akitoa hukumu, huimba. Mgonjwa wa kifua kikuu akikata roho, huimba mpaka pumzi ya mwisho, jambo ambalo watu wamelichekea tangu zamani, na mimi pia nililicheka mara ya kwanza. Sanaa hii ilianza Italia kiasi cha mwaka 1600. Opera moja ya Claudio Monteverdi iitwayo Orfeo, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Mantua mwaka 1607, yaimbwa mpaka leo. Kutoka Italia ilienea Ufaransa, Ujerumani, Urusi na kwingineko, na kila nchi ikatunga za kwake kwa lugha yake.

Wale walio katika kwaya wazijua sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Katika opera sauti hizo hugawanywa tena ndani yake, na kila mwimbaji hupewa sehemu zinazolingana na sauti yake. Huwezi kuchagua. Mwenye besi hawi kijana anayependwa na binti mfalme. Mara nyingi huwa baba yake binti, au kuhani, au shetani.

Lakini jambo lililonifanya niipende kazi hii si hadithi zake. Ni kwamba mwimbaji wa opera hatumii kipaza sauti. Husimama jukwaani peke yake, na mbele yake, katika shimo lililochimbwa kati ya jukwaa na watazamaji, wamekaa wapigaji wa vinanda, tarumbeta na ngoma, ambao pengine wafika sabini au themanini. Nyuma yao kuna watu. Katika nyumba ya opera ya Metropolitan ya New York mna viti vipatavyo 3,800. Mtu aliye katika kiti cha nyuma kabisa, juu karibu na dari, amelipa fedha yake, naye ataka kusikia kila neno.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka babu yangu.

Babu yangu mzaa baba, ambaye kwetu twamwita guku, anakaa kijijini upande wa Itilima. Zamani alikuwa ningi. Kwa wasomaji waliotoka mikoa mingine nieleze kwamba ningi ni yule ambaye kwa Kiswahili huitwa manju, yaani mtunzi na mwongozaji wa nyimbo katika ngoma. Usukumani wacheza ngoma wamegawanyika tangu karne ya kumi na tisa katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Wazee husema mgawanyiko huo ulitokana na ushindani wa watu wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa wakishindana kwa uchezaji na kwa dawa. Mashindano hufanywa baada ya mavuno, mwezi wa sita hadi wa nane, wakati mashamba yamepumzika na watu wana chakula. Na namna ya kumpata mshindi ni hii: vikundi viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja katika uwanja wake, na watazamaji wako huru kukimbilia upande wowote. Mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Hakuna waamuzi wa mezani wala alama. Kama wimbo wako haukusikika, watu wako wanakwenda kwa mwenzako nawe unawaona wakienda.

Katika siku za guku hapakuwa na spika. Nilimwuliza alifanyaje hata akasikika na watu elfu moja waliokuwa wakipiga vigelegele. Alinijibu, "Mke wangu, sauti haipigwi, hutumwa." (Huniita hivyo kwa utani, kama babu wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike.) Kisha akanieleza mambo ambayo nimeyaandika katika daftari. Alipokuwa mchungaji aliimba ng'ambo ya mto kwa mchungaji mwenzake, na kama mwenzake hakurudisha maneno sawasawa, alirudia. Alipochagua mahali pa kusimama uwanjani aliangalia kwanza upepo, ili umchukulie sauti kwa watu. Kama palikuwa na jiwe kubwa, nasi Wasukuma Mungu ametujalia mawe, alisimama jiwe likiwa mgongoni. Tena hakuimba wakati ngoma zinapolia kwa nguvu. Alitia maneno yake mahali ngoma zinapopungua, na ngoma zikapanda wakati wafuasi wanapoitikia.

Mwalimu wetu wa Fizikia aliposikia habari hizo alifurahi sana, akaniletea maelezo ya mtaalamu mmoja wa Uswidi, Johan Sundberg, aliyechunguza sauti za waimbaji wa opera katika miaka ya 1970. Nitajitahidi kuyaeleza kama nilivyoyaelewa.

Kila sauti ni mitetemo ya hewa. Vyombo vingi vikipigwa pamoja, nguvu yao kubwa huwa karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kupanda juu ya hapo nguvu yao hupungua upesi. Sauti ya mtu anayesema nayo iko vivyo hivyo, kwa hiyo akisema mbele ya vyombo humezwa kabisa. Mwimbaji aliyefundishwa hushusha zoloto lake na kuipanua nafasi iliyo juu yake, na kijichumba kidogo kilicho hapo huvuma chenyewe kama chupa tupu unayoipuliza mdomoni. Mvumo huo uko karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde. Hapo vyombo vimekwisha kuwa dhaifu, na kwa bahati sikio la binadamu ni jepesi sana mahali hapo. Basi mwimbaji hashindani na vyombo kwa kupiga kelele kuwazidi. Hupita katika mlango ambao wao wameuacha wazi. Hivyo ndivyo guku alivyofanya na ngoma zake, ila yeye aliupata mlango katika wakati na hawa huupata katika masafa ya sauti.

Maelezo hayo yahusu zaidi sauti za wanaume, na sauti za wanawake zilizo chini. Soprano, anapopanda juu kabisa, hutumia njia nyingine: hufungua kinywa zaidi kadiri noti inavyopanda, ili nafasi ya kinywa ivume pamoja na noti yenyewe. Ndiyo sababu maneno ya soprano aliye juu hayasikiki vizuri, hata awe hodari namna gani. Nalisema hili kwa kuwa wanakwaya wenzangu hunilaumu kwamba nikipanda maneno yangu yote huwa "a".

Sasa nieleze njia ya kazi yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mwenye sauti nzuri huenda tu akaimba. Sivyo. Mafunzo ya kweli huanza kati ya miaka kumi na sita na ishirini, kwa sababu kabla ya hapo mwili haujakomaa, na mtu akiulazimisha hujiharibu. Hufuata miaka minne hivi ya chuo, na mara nyingi miwili au zaidi baada yake. Mwanafunzi hujifunza kupumua, maana pumzi ya mwimbaji huongozwa na kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, pamoja na misuli ya tumbo na mbavu. Hujifunza kusoma noti. Hujifunza kuigiza. Hujifunza kutamka Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, kwani opera nyingi zimeandikwa kwa lugha hizo, na mara nyingi huimbwa kwa lugha yake ya asili hata kama wasikilizaji ni Wajapani. Baada ya chuo huingia katika mashindano, na tena huenda kuimba mbele ya wakuu wa nyumba za opera, dakika chache tu, kisha huambiwa asante na kurudi nyumbani kungoja barua.

Akipata kazi, yaweza kuwa ya namna mbili. Ujerumani, ambako kuna nyumba za opera zipatazo 80 zinazosaidiwa na fedha za serikali, wako waimbaji wanaoajiriwa na nyumba moja kwa mshahara wa kila mwezi, kama walimu wetu. Wengine hutembea. Hao hulipwa kwa kila onyesho, mikataba yao huandikwa miaka miwili au mitatu kabla, hufanya mazoezi kiasi cha wiki tano au sita, huimba maonyesho yao, kisha hufunga sanduku na kwenda mji mwingine. Wakala aliyewatafutia kazi huchukua sehemu yake. Nyumba ya kupanga ni juu yao. Na mwimbaji wa namna hii akiamka na mafua siku ya onyesho, asipoimba, kwa kawaida halipwi. Kwa hiyo maisha yao ni ya kujilinda: usingizi wa kutosha, maji, kukimbia moshi na vumbi, hata kunyamaza siku nzima.

Naja kwa baba yangu. Baba ni mkulima wa pamba, naye hapendi kabisa habari za kuimba. Husema, "Sauti ilikula ng'ombe wa baba yangu." Kwa miaka mingi nilidhani ni methali, kumbe ni hesabu. Ningi alikuwa na mapato, hilo ni kweli. Watu walimtuza fedha uwanjani, na kikundi chake kiliitwa kulima mashamba ya watu kwa nyimbo, wakalipwa kwa ng'ombe na chakula. Lakini mashindano yalianguka wakati ule ule wa kuchuma pamba. Guku alikuwa hayupo, bibi na watoto wakachuma peke yao, na baba yangu alikuwa mmoja wa watoto hao. Kadhalika mganga aliyetoa dawa ya kuvuta watu, iitwayo samba, alilipwa kwa ng'ombe. Juu ya nguvu ya dawa hiyo sitasema lolote, maana najua magazeti haya hufika nyumbani.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Mwaka mmoja guku alikwenda kwenye mashindano akiwa na kikohozi. Siku ya kwanza aliimba, na ya pili, na ya tatu. Siku ya nne sauti ilitoka kama jani kavu la muhindi linalosuguliwa. Aliendelea, kwa sababu watu wake walikuwa wakihama mbele ya macho yake, naye alisukuma zaidi kadiri walivyohama. Jioni hakuwa na sauti kabisa. Ilirudi baada ya muda, lakini ni sauti ya kusemea tu, tena ya mkwaruzo, ndiyo hiyo aliyo nayo mpaka leo. Jamaa walisema amerogwa na upande wa pili. Yeye mwenyewe husema, "Hakuna aliyeniroga. Nilikataa kunyamaza." Madaktari wa sauti husema nyuzi za sauti zikilazimishwa wakati zimevimba huweza kutoka damu au kuota vinundu, na waimbaji wa opera wamepoteza kazi zao kwa jambo hilo hilo. Tofauti ni kwamba wao wana daktari wa kuwaambia wanyamaze.

Msomaji ataniuliza: je, yuko Mwafrika aliyefika huko? Wako. Zamani mlango ulikuwa umefungwa. Marian Anderson, mwanamke mweusi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa na sauti iliyosifiwa duniani kote, lakini hakuruhusiwa kuimba sehemu katika Metropolitan mpaka tarehe 7 Januari 1955, naye alikuwa na miaka hamsini na saba, sauti imekwisha kupita ubora wake. Hilo lanikera kila nikilisoma.

Wa siku hizi ni Pretty Yende wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1985 huko Piet Retief. Alikuwa na miaka kumi na sita, akitaka kuwa mhasibu, aliposikia katika tangazo la televisheni la shirika la ndege wanawake wawili wakiimba. Kesho yake alimwuliza mwalimu wake shuleni ni kitu gani kile, akaambiwa ni opera, tena kwamba binadamu aweza kujifunza. Akaenda Chuo Kikuu cha Cape Town kusoma muziki. Mwaka 2009 alishinda mashindano makubwa ya Belvedere huko Vienna. Januari 2013 aliimba mara ya kwanza katika Metropolitan, akiwa amejifunza sehemu yake kwa siku chache kwa kuwa aliyepangwa hakuweza kuja. Alipoingia jukwaani aliteleza ngazini akaanguka mbele ya watu wote. Akainuka, akaimba. Tarehe 6 Mei 2023 aliimba katika kutawazwa kwa Mfalme Charles III wa Uingereza.

Hapa karibu, Nairobi yuko Rhoda Ondeng', mwimbaji wa soprano, ambaye pamoja na wenzake wamekwisha kuonyesha opera ya Kikenya iitwayo Nyanga: Runaway Grandmother, yenye muziki wa Francis Chandler. Kwetu Tanzania hatuna nyumba ya opera. Lakini nisingependa mtu afikiri kwamba hatujawa na waimbaji wa kazi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alikuwa akiuza vyungu kwa kutembeza na kuvitangaza kwa sauti barabarani. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba na wapiga taarabu, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Alikufa mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Hebu fikiri juu ya vile vyungu. Mtu anayetangaza bidhaa barabarani kutwa nzima kila siku, bila kukauka koo, amekwisha kusoma nusu ya somo la pumzi.

Naye Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alianza kwa kuimba akichunga ng'ombe kama guku. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akawa msanii wa taifa, akakaa Bagamoyo na kuimba katika nchi nyingi mpaka alipofariki mwezi Desemba 2003. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, ambacho sasa huitwa TaSUBa, bado kinafundisha. Unguja kuna chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 2001, Dhow Countries Music Academy, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, kinatoa shahada ya muziki. Hakuna hata kimoja kitakachomfikisha mtu moja kwa moja Milan, lakini mwanafunzi atatoka hapo akijua kusoma noti na kuitumia pumzi yake, na bila hayo hakuna pa kuanzia.

Baningi nao hawajakwisha. Wanaimba kila mwaka kule Bujora karibu na Mwanza, katika sherehe ya Bulabo mwezi wa sita, na hapa Bariadi tumewaona viwanja vya Nyakabindi wakati wa Nanenane. Nyimbo zao huuzwa siku za mnada katika kadi za simu. Ila sasa wana spika. Guku alipelekwa Nyakabindi mara moja, akasikiliza kidogo, akasema yule kijana anaimba vizuri lakini hajui kama anasikika, kwa kuwa hajawahi kuhitaji kujua.

Likizo iliyopita nilimwomba anisikilize. Tulikwenda jioni kwenye mawe nyuma ya mji wake. Yeye alikaa chini ya mti, hatua mia mbili hivi, nami nilisimama jiwe likiwa mgongoni, nikaimba wimbo wa kwaya wa Kiswahili, maana Kiitaliano sijui. Niliporudi nilimsalimu tena kwa magoti kama vile nimetoka safari, nikangoja. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema amesikia kila neno isipokuwa la mwisho wa kila mstari. "Unatumia pumzi yote kwa wale walio karibu," alisema. "Wa mbali unawaachia mabaki."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Hakusema neno usiku ule. Asubuhi alipokuwa akinisindikiza barabarani kungoja gari alisema kwamba matokeo ya Kidato cha Nne yatoke kwanza, na yakiwa mazuri atauliza nauli ya Bagamoyo ni kiasi gani. Hakusema atatoa. Amesema atauliza.

Mtihani wetu ni mwezi wa Novemba. Mpaka wakati huo, kwa ruhusa ya Matroni, naimba Jumamosi jioni tu, nyuma ya bweni, dakika ishirini, na nafanya mazoezi ya maneno ya mwisho.